Likizo ya Tohara

Jumatatu, 12 Agosti 1996. Nalufenya, Jinja.
Rafiki yangu Faruk amepata gari la kwenda Mbale. Wiki nzima ya ngoma na nyama choma! Ni mwaka wa imbalu, Wagisu wanatahiri vijana wao na mji mzima unacheza barabarani. Tatizo ni kazi. Mwaka huu nimeshamzika shangazi mara mbili, tena yu hai. Nimefikiri mpaka kichwa kikauma. Baba ni Msoga, mama ni Mgisu, na mimi sijatahiriwa. Basi nikamwambia Afande Wasike, mkuu wetu wa stoo, kwamba naenda kukatwa kwa mila ya ukoo wa mama. Akasimama, akanishika mikono yote miwili. Macho yalimlowa, sijui kwa nini. Nimepewa likizo ya mwezi mzima. Akili ninayo.

Jumatano, 14 Agosti. Mbale.
Tumepita kwa Mjomba Wanyama, Nabuyonga, kula chakula cha mchana tu. Nyumba imejaa watu, pombe ya ulezi inachachuka kwenye mitungi. Kumbe Afande ni mtu wa hapa hapa, amecheza na Mjomba utotoni, na jana alimtumia ujumbe. Nikauliza anatahiriwa nani. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha wakanipaka unga wa ulezi uliokorogwa, kuanzia utosini. Faruk, mdomo umejaa kuku, akasema nisiwaaibishe wenyeji, huenda ndivyo wanavyokaribisha wageni. Labda. Lakini mbona yeye hakupakwa?

Alhamisi, 15 Agosti.
Wamenifunga njuga mapajani. Nimecheza tangu asubuhi, watu wananifuata kwa mamia, wasichana wanaimba jina langu. Herbert! Herbert! Sijawahi kufurahi hivi. Halafu bibi mmoja akanipa pole ya Jumamosi. Nikamuuliza Jumamosi kuna nini. Akanitazama kwa huruma.
Nimemwendea Mjomba, nimesema kweli yote: nilidanganya, nilitaka kutoroka kazi. Akanipigapiga bega, akasema hata yeye alitunga uongo wake siku mbili kabla ya kisu. Naogopa. Naogopa sana.

Ijumaa, 16 Agosti.
Nimekimbilia stendi ya basi. Njuga hazifunguki, zimeshonwa kwenye ngozi ya mbuzi. Kila hatua nalia kama duka la kengele. Nikajificha kiti cha nyuma. Konda akasikia, akapiga vigelegele, abiria wote wakashuka, wakanirudisha Nabuyonga wakicheza. Mbele yao alikuwa Faruk. Anasema alidhani ni sehemu ya sherehe.

Jumamosi, 17 Agosti.
Afande alifika na stoo nzima. Niliamua kukiri mbele ya wote. Nikafungua mdomo. Afande akaninong'oneza kwamba hana mtoto wa kiume, na leo ndiyo siku aliyoingoja. Nikasahau neno la kwanza la kukiri. Ngariba hakusahau kisu chake.
Sikupepesa jicho. Wanasema ni ushujaa. Mimi nadhani nilikuwa bado natafuta lile neno.

Ijumaa, 20 Septemba. Nalufenya.
Nimepona. Kazini wananiita bwana mkubwa, Afande anagawana nami chai yake. Lakini wiki ijayo Faruk anakwenda Kampala kwenye mpira, na likizo yangu imekwisha, nimeitumia yote kulala chali. Si haki. Safari hii nimetafuta sababu isiyo na kisu: nimemwambia Afande naoa. Akauliza msichana ni nani. Hapo sikuwa nimefika katika kufikiri. Nikataja jina la kwanza lililonijia, Mastula, dada yake Faruk. Nimepewa siku kumi papo hapo! Rahisi kabisa, sijui kwa nini sikuanza na hili.
Jioni hii Faruk yuko mlangoni na baba yake, wote wamevaa kanzu, ingawa swala ya Ijumaa ilikwisha mchana. Nyuma yao Afande Wasike anavuta mbuzi. Faruk hanitazami usoni. Ngoja niwakaribishe, niwaulize wanakwenda kwenye harusi ya nani.