Uzinduzi wa Nyigu Elfu Arobaini wa Jericho

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima ambaye hajafika, Mwakilishi wake ambaye amekwama kwenye foleni ya magari Donholm, machifu na manaibu wao, maaskofu, wazee wa mtaa, vijana, na wewe Mama Syombua uliyekalia kiti cha mbele bila kualikwa, itifaki imezingatiwa. Hamjambo? Nimesema hamjambo! (Watu watatu: "Hatujambo.")

Mimi, Jackton Mulama, Kaimu Naibu Mkurugenzi Msaidizi wa Miti na Vivuli, nimesimama hapa kuzindua, kwa mara ya kwanza katika historia ya Eastlands ya Nairobi na pengine ya dunia, framework, yaani mfumo shirikishi wa nyigu. Mikaratusi yetu imevamiwa na kunguni. Si wale wa vitandani, hao ni wageni wenu binafsi. (Kicheko.) Hawa hufyonza majani mpaka yawe mekundu, mti ufe. Lakini sayansi, ambayo nimeihudhuria semina yake Naivasha siku nne na chakula cha jioni, inasema yupo nyigu mdogo kuliko punje ya simsim, asiyeuma mtu, anayetaga mayai ndani ya mayai ya kunguni, na ukoo wa kunguni unaishia hapo. (Makofi.)

(Mama Syombua: "Mkubwa, hao nyigu tulikuwa nao! Ni ile dawa mlipuliza mwezi wa tatu iliwamaliza. Miti ilikuwa kumi na miwili, sasa umebaki mmoja. Mimi nachonga miko chini yake. Ukikauka huo, nitaenda wapi?")

Swali zuri sana, Mama, na nitalijibu kwa takwimu. Dawa ile ilifaulu kwa asilimia mia moja na nne: nyigu mia moja, kunguni nne. (Opiyo, mchoma nyama wa soko la Burma: "Buda, hiyo si hesabu, ni matanga!")

Ndiyo maana leo tunarudisha nyigu elfu arobaini, ambao wamo ndani ya boksi hili. Na kwa kuwa itifaki hairuhusu Mgeni wa Heshima kutuliwa na mdudu wa aina yoyote, maofisa wangu shupavu wamepuliza dawa asubuhi hii kwenye hema, viti, mti wenyewe, na boksi, ndani na nje.

(Mama Syombua: "Na boksi?")

Na boksi, Mama. Hatubahatishi! (Mama Syombua anapanda jukwaani, anafungua boksi. Makombo ya keki.)

Nyigu hoyee! Kivuli hoyee! (Opiyo: "Hoyee, kiko wapi?") Namalizia kwa kumshukuru dereva wangu Maingi kwa kutuazima boksi la harusi ya dada yake, maana nyigu wenyewe hawajaagizwa, barua yao iko mezani kwangu tangu Januari ikingoja sahihi, na sahihi hiyo ni yangu.

(Mama Syombua anamnyooshea kalamu.)

Mama, tafadhali. Leo tunazindua. Kazi ni siku nyingine.