Kocha Asijue

Jumatatu, 12 Mei 2014

Naandika kwa Kiswahili. Sababu ni za kiusalama. Kati ya wasichana wa klabu hakuna anayeweza kukisoma isipokuwa Darlène, tunayesoma naye shule moja, na Darlène ndiye sababu ninaandika kwa herufi ndogo.

Leo baada ya mazoezi Kocha Naushad alitukusanya. Akasema msimu wa klabu umeanza, kwa hiyo hakuna kuchezea timu ya shule. Miguu ni hiyo hiyo, akasema, haina vipuri. Halafu akaongeza kwa upole kabisa: mwenye sababu aje tuzungumze, mlango uko wazi.

Mlango uko wazi! Hata mtego wa panya mlango wake uko wazi.

Wasichana wote wakaitikia kwa vichwa. Darlène akainama kufunga kamba za viatu. Mazoezi yameisha, kamba za nini? Nimelitunza hilo.

Mimi ni nahodha wa timu ya shule. Fainali ni Jumatano ya wiki ijayo. Jumapili inayofuata, watu wa vyuo vikuu wanakuja klabuni kututazama, na wakimpenda mtu humlipia masomo. Nataka vyote viwili. Anayechagua ni mtu asiye na mpango.

Jumanne, 13 Mei

Nimepima pande zote mbili kwa haki, bila upendeleo.

Klabu: nyasi zimelala kama zulia. Jezi ina jina langu mgongoni, tena na alama zake zote, Générose. Kocha Naushad hutuonyesha makosa yetu kwenye kompyuta, akisimamisha picha pale pale unapoonekana mjinga. Nimejifunza kwake kuliko kwa mtu yeyote. Lakini mimi huingia uwanjani dakika za mwisho, watu wakiwa wameshaanza kukunja viti. Na hakuna anayecheka. Wazazi husimama kando na kahawa zao kama wako mazishini. Wangu hawaji, kutoka mtaani kwetu Jane na Finch ni mabasi ya kubadilisha, na Baba yuko kazini.

Shule: uwanja umeinama upande mmoja, wavu umetoboka, na kinyesi cha bata bukini kiko kila mahali. Kocha ni Bi Farhat, mwalimu wa kemia, ambaye husoma sheria za kuotea kwenye simu mechi ikiendelea. Lakini naanza, namaliza, na jengo letu zima huja. Kuna bibi wa ghorofa ya tatu ambaye hupiga sufuria nikigusa mpira.

Hitimisho: klabu itanipeleka chuo kikuu. Shuleni ndiko mguu wangu hufanya ninalofikiri. Kwa hiyo nitacheza kote na kocha asijue. Mtu wa akili timamu angefika hapo hapo.

Alhamisi, 15 Mei

Mpango uko tayari. Siku ya fainali nitavaa wigi. Nitalibana kwa kitambaa cha kichwa. Uwanjani nitaitwa Nadine.

Niliwaambia timu ya shule. Bilkis, golikipa wetu, akauliza kwa nini. Nikamwambia ni mambo ya usalama. Akafikiri kidogo, akasema sawa, Générose.

Wigi litakuwa la Mama, la Jumapili. Bado hajui.

Jumamosi, 17 Mei

Nilichoogopa kimetokea. Darlène alibaki nyuma baada ya mazoezi akazungumza na Kocha kando ya gari lake. Walizungumza muda mrefu. Walicheka! Nani hucheka na Kocha Naushad? Nilijificha nyuma ya pipa la taka ili nisikie. Kiswahili kilikuwa kinatumika. Kocha amezaliwa Mwanza, na Kiswahili chake kina chumvi kuliko changu, ndiyo maana siku hizi siwezi kupanga njama uwanjani kwa lugha yoyote.

Nilipata neno moja tu: "Jumatano."

Hapo bata bukini mwenye vifaranga akanifokea, akanifukuza mpaka katikati ya uwanja. Nikasimama mbele yao nikihema. Nikasema nilikuwa natafuta soksi.

Kocha akaniuliza kama kuna jambo lolote ningependa kumwambia. Akanitazama kwa macho ya huruma.

Mtego wa pili. Nikasema hakuna, ahsante.

Darlène akasema tutembee pamoja hadi kituo cha basi. Nikasema ninangoja usafiri. Nilingoja hadi basi lake likaondoka, kisha nikapanda langu, ambalo ni lile lile.

Jumapili, 18 Mei

Mama hakukubali kutoa wigi bila maelezo. Akasema wigi lile limefungisha watu ndoa. Ikabidi nimweleze yote. Nikamwapisha. Akasema, "Géné, mwanangu, hili litabaki kati yangu, wewe na Mungu."

Baada ya ibada akalipeleka jambo hilo kwenye kikundi cha maombi cha wamama, kama ombi la siri. Nilikubali. Nahitaji msaada wa kila upande.

Kiongozi wao, Mama Josephine, hapendi maombi ya siri. Mama ananisimulia kwamba alikunja mikono akasema, "Mama Géné, sisi hatupigi magoti gizani. Ombi lisilo na maelezo ni barua isiyo na anwani." Kwa hiyo Mama akaeleza: klabu, shule, wigi, Jumatano, kocha anaitwa nani. Wakaomba kwa nguvu. Bwana, kocha asijue! Bwana, mfumbe macho!

Wana desturi zao pale. Wakimwombea mtu lazima wampigie simu kumjulisha, kwa sababu Mama Josephine anasema kumwombea mtu bila kumwambia ni kumsengenya ukiwa umepiga magoti. Wakati wa baridi waliombea moyo wa mwenye jengo letu kuhusu lifti. Wakampigia. Lifti ikapona kesho yake. Nikacheka sana Mama alipokumbusha hilo. Maskini yule bwana!

Nilihakikisha jambo moja tu la muhimu: mama yake Darlène hakuwepo. Alikuwa zamu kiwandani. Siri iko salama.

Jumanne, 20 Mei

Si salama!

Leo Kocha alitabasamu aliponiona. Akaniuliza Mama hajambo. Hajambo. Na wale wamama wa kanisani, hawajambo? Nikasema hawajambo. Akasema yule kiongozi wao ana sauti ya kuamsha kijiji.

Anawajuaje wamama wa kanisani? Nilifikiri njia nzima, basi hadi basi. Kuna mtu mmoja tu anayesali kanisani kwetu na kuchezea klabu yetu.

Darlène.

Nilimkabili kwa simu. Nikamuuliza anamwambia nini Kocha. Akasema, "Géné, wewe una homa?" Akaniambia nilale mapema, kesho ni fainali. Amejuaje kwamba kesho inanihusu?

Jumatano, 21 Mei

Naandika nikiwa na barafu shingoni.

Wigi lilikaa vizuri. Jengo zima lilikuja. Mama alikuwepo, Mama Josephine alikuwepo, bibi wa ghorofa ya tatu alileta sufuria mpya. Tukajipanga. Nageuka kushoto, namwona nani? Darlène. Ndani ya jezi yetu!

Bi Farhat akasema amefurahi sana, Darlène amepata ruhusa ya klabu ya kucheza leo. Ruhusa! Jasusi huwa na ruhusa siku zote.

Nikageuka kulia. Kwenye kiti cha kukunja, chupa ya chai mapajani: Kocha Naushad.

Nilibadilisha mbinu papo hapo. Alikuwa amekaa upande wa kulia, kwa hiyo nikahamia kushoto. Kabisa. Hadi mstarini. Bi Farhat akapaza sauti akiuliza kwa nini mshambuliaji wake anacheza beki. Nikaonyesha kwa mikono kwamba ni ujanja. Wakatufunga bao moja.

Kipindi cha pili tukabadilishana magoli. Kocha naye akahamisha kiti! Nikahama tena. Bilkis akanipigia kelele kutoka golini, kwa sauti iliyofika barabarani: "Générose! Panda mbele! Yaani Nadine! Générose!"

Mama alikuwa ameacha kushangilia. Sufuria ilikuwa kimya. Hilo liliniuma kuliko bao.

Darlène akafunga la kusawazisha. Sikumpongeza. Dakika zikaisha zikaisha, na Darlène huyo huyo akakata kutoka upande wa kulia, mbele kabisa ya kiti cha Kocha, akainua kichwa na kunitafuta. Mpira ukapanda. Ulikuwa mpira mzuri. Siwezi kuandika vingine. Ulikuja taratibu, ukisema jina langu, lile la kweli.

Nilikimbia. Sikufikiri. Niliruka nikaupiga kichwa.

Mpira uliingia kona ya juu. Wigi liliingia kona ya chini.

Golikipa wao alipiga ukelele akaruka juu ya wigi kama amemwona paka aliyekufa. Refa alilitazama wigi, akautazama mpira, akaonyesha kati. Bao! Sufuria ikalia! Watu wote wakawa wananikimbilia, na mimi nikajitupa chini kifudifudi, uso ndani ya nyasi. Nilidhani nikilala vile hatanitambua.

Refa akadhani nimeumia. Akaita msaada. Nikasikia hatua. Harufu ya chai ya tangawizi.

"Amka, Générose," Kocha akasema. "Nyasi hazitakuficha."

Darlène akaja na wigi, akilipangusa. "Mama yako atatuua," akasema. Ametumia wingi! Atauawaje yeye, kama hakuhusika?

Tulishinda mbili kwa moja. Kombe tumelibeba hadi jengoni, na lifti ilifanya kazi.

Kabla ya hapo Kocha aliniita pembeni. Akasema Darlène alimwomba ruhusa Jumamosi, naye alimkubalia kabla hajamaliza sentensi. Mimi pia angenikubalia. Siku ile aliposema mlango uko wazi alikuwa ananitazama mimi. Na akasema alijua kila kitu tangu Jumapili jioni, alikuwa ananingoja tu.

Nikamwambia samahani. Akasema, "Binti, nimependa bao lako. Lakini Jumapili utakaa nje. Si kwa sababu umecheza. Ni kwa sababu umevaa wigi ili nisikuone."

Jumapili, 25 Mei

Watu wa vyuo walikuwa watano au sita, wenye kofia na miwani ya jua. Nilikaa benchi na nguo za kawaida. Sikuwahi kujua kwamba suruali ya jinzi inaweza kuaibisha.

Dakika zangu za mwisho alipewa Darlène. Alicheza vizuri. Mwanamke mmoja mwenye kofia nyekundu aliuliza jina lake, akaliandika. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona mkono wake ukiandika. Langu hakuliuliza. Kwa nini aulize? Mtu aliyevaa jinzi.

Nilitazama nyasi zile zilizolala kama zulia, nikahesabu mipira ambayo ningeifikia. Niliacha kuhesabu kwa sababu macho yaliingia vumbi. Huku hakuna vumbi.

Baadaye Darlène akaketi karibu yangu. Alitoa mandazi ya mama yake yaliyofungwa kwenye karatasi ya foili akaniwekea mapajani. Nililipasua la kwanza nikatazama ndani. Mandazi tu. Nikapasua la pili. Mandazi tu. Nikayala yote.

Yalikuwa mazuri mno. Nani humpa mandazi mazuri namna hiyo mtu asiyekuwa na jambo naye?

Jumanne, 27 Mei

Nimetafakari kwa kina, kama inavyonipasa. Nimeelewa kosa langu lilikuwa wapi.

Lilikuwa kwenye wigi. Limelegea upande wa nyuma.

Leo Kocha aliniambia nafasi yangu klabuni ipo pale pale, na watu wa vyuo watarudi Agosti. Mwakani nikitaka kuchezea shule nimwambie tu, tupange ratiba pamoja. Akasema tena, polepole, kama anayezungumza na mtu mwenye homa: "Ukiwa na jambo, niambie mimi."

Mtego wa tatu! Huyu mtu hachoki.

Sitaki tena kutegemea milango ya watu. Jumamosi kuna klabu nyingine inafanya majaribio, kule Flemingdon Park. Wanasema watu wa vyuo huenda kila mwezi. Nitakwenda. Sitaiacha klabu ya Kocha Naushad, wala timu ya shule. Nitakuwa nazo zote tatu. Nitajiita Nadine. Mama amefungia wigi kabatini, kwa hiyo nitavaa kofia ya sufu ya Baba na kuivuta hadi kwenye nyusi. Joto litakuwepo. Acha liwepo.

Safari hii Darlène hatajua kamwe. Nimebadilisha njia ya kwenda shule. Kanisani nitakaa safu ya nyuma. Sijamwambia Bilkis, sijamwambia Bi Farhat.

Nimemwambia Mama peke yake. Ameguna, amenitazama sana, mwisho amesema basi, kikundi kinakutana kesho jioni, wataomba kocha asijue.

Ameuliza kama Kocha bado anatumia namba ile ile ya simu, maana Mama Josephine anapenda kuwa na uhakika. Nimemwandikia mwenyewe, kwa tarakimu kubwa, asikosee.