Rimoti, Bibi Harusi na Karatasi ya Chokoleti

Jumatatu, 3 Juni

Ushindi unanukia! Jumamosi shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anaolewa, na baba mkwe bado hajaamua nani amwendeshe bibi harusi. Tumebaki wawili: mimi na mwanyumba, yule wa suti za kubana aliyemwoa dada mkubwa. Tangu nioe, kazi yangu kwenye shughuli za ukweni ni moja tu, kupanga viti. Navipanga, naviondoa, narudi nyumbani nimeshika kiuno. Safari hii hapana! Safari hii naingia ukumbini na bibi harusi!

Mwanyumba ana gari kubwa, sikatai. Lakini kinachowatoa watu macho ni ile pii-pii yake. Anashuka, anaondoka bila kugeuka, anabonyeza rimoti kwa nyuma kama hataki vile, gari linaitikia pii-pii na kukonyeza taa. Maringo matupu! Ila baba mkwe anaipenda mno. Masikio yake mazito, anavaa kifaa cha kusikia, na pii-pii ni kati ya vitu vichache asivyohitaji kurudiwa.

Gari langu nalo lina pii-pii. Lilikuwa nayo mpaka leo jioni. Nimebonyeza kwa kidole gumba, kimya. Nimebonyeza kwa vidole viwili, kimya. Nimebonyeza kwa meno. Betri imekwisha! Mke wangu kasema yule fundi wa funguo karibu na kituo anabadilisha wakati wewe umesimama tu. Nimecheka sana. Fundi yule kapakana na duka la mwanyumba, nikienda si ndiyo kumtangazia kwamba pii-pii yangu imekufa? Nitabadilisha mwenyewe. Ni betri, si figo.

Alhamisi baba mkwe anakuja kukagua magari. Muda upo tele.

Jumanne, 4 Juni

Kazi imeanza kwa kishindo. Nimeifungua rimoti kwa kisu cha kuparia samaki, ikaruka vipande mpaka chini ya friji. Nimevipata vyote, na kimoja ambacho sidhani kama ni cha rimoti.

Dukani hawana betri ya saizi ileile. Wana nyembamba kidogo. Muuzaji kasema hiyo haitakaa vizuri, itachezacheza. Nikamwambia aniachie mimi. Watu wengine wanapenda kukatisha tamaa!

Kweli ikacheza. Basi nikachana kona ya daftari la hesabu la binti yetu, nikaikunja, nikaishindilia chini ya betri. Ikakaa kimya kama mgeni wa heshima. Nikafunga. Skrubu moja imebaki, maana yake kiwandani walizidisha.

Nikabonyeza. Kimya!

Sikuvunjika moyo. Mtandaoni wanasema rimoti ikibadilishwa betri huweza kulisahau gari, lazima vikutanishwe upya. Washa swichi, zima, washa, zima, funga mlango, fungua mlango, bonyeza, washa tena. Nimefanya hivyo mchana kutwa. Waipa zimeamka. Redio imeamka. Majirani wameamka. Rimoti, wapi!

Mke wangu akachungulia dirishani akaniuliza kama karatasi inapitisha umeme. Nikamwomba kwa upole asiingilie mambo ya kitaalamu.

Jumatano, 5 Juni

Rimoti bado imenuna. Mke wangu kanikumbusha kwamba ufunguo una meno, nichomeke mlangoni, nizungushe, gari litafunguka. Nichomeke? Mbele ya baba mkwe? Kama nafungua stoo ya vitunguu? Mwanyumba atacheka mpaka vifungo vya suti vimkatike!

Lakini nimepata wazo. Wazo la moto! Nimeliandika kwanza kwenye kiganja lisinipotee.

Nimemwendea kinyozi wangu, jirani wa mtaa wa pili. Jamaa mnene, mkimya, hana makuu. Nimempanga hivi: kesho atajilaza chini nyuma ya kiti cha dereva, ajifunike shuka. Mimi nikinyoosha rimoti na kukohoa, yeye ananyoosha mkono, anafungua kufuli kwa ndani, anawasha taa, anagusa honi mara mbili. Pii-pii! Nani atajua? Kinyozi kauliza kwa nini nisitumie ufunguo. Na huyu naye!

Tumefanya mazoezi. Mara ya kwanza aliwasha waipa. Mara ya mwisho alikuwa bora kuliko rimoti yenyewe.

Jumamosi hatapatikana, anamnyoa bwana harusi. Hilo tutalivuka tukilifikia.

Alhamisi, 6 Juni

Bado nacheka peke yangu!

Baba mkwe alifika kwetu amechelewa. Alianza na gari la mwanyumba, lililotangulia kufika. Mwanyumba akalipa gari lake mgongo, pii-pii, likakonyeza. Baba mkwe akatabasamu. Halafu wakaja wote kwenye gari langu, mwanyumba naye kajileta, mikono mfukoni.

Nikasimama kwa pozi. Nikanyoosha rimoti. Nikakohoa.

Kimya.

Nikakohoa tena. Baba mkwe akaniuliza kama nimeanza dawa. Mwanyumba akainamisha kichwa, akasema anasikia mtu anakoroma. Na kweli, kinyozi alikuwa amepitiwa! Gari zima linakoroma! Mungu bariki masikio ya baba mkwe, yeye hakusikia kitu. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba hiyo ni injini, inapumua. Nikaupiga teke mlango wa nyuma.

Ndani pakawa na vurumai. Taa zikawaka zote. Honi ikalia, si mara mbili, ikalia kwa mfululizo mpaka njiwa wakahama paa. Milango, klak! Baba mkwe akafumba macho akasikiliza. Akasema hiyo ndiyo sauti ya gari la harusi, ile nyingine ni ya kifaranga.

Ya kifaranga! Mwanyumba aligeuka rangi! Akauliza kwa upole wa kinafiki, mbona kuna kiatu kwenye kioo cha nyuma. Nikamwambia ni pambo, siku hizi ndiyo fasheni.

Basi baba mkwe akanishika bega mbele ya watu wote, akaniita mwanangu, akasema bibi harusi nitamwendesha mimi. Mwanyumba atapanga viti. VITI! Nimeiandika kwa herufi kubwa nije niisome uzeeni.

Mke wangu alipokuja kuniletea maji alimkuta kinyozi bado kalala chali kwenye gari, jasho linamtoka. Aliniangalia. Maji akampa yeye. Baadaye akasema tu kwamba mdogo wake ana harusi moja, nisije nikamharibia. Nikamwambia awe na amani kabisa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimegundua, mimi mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwamba karatasi haipitishi umeme!

Nimeitoa. Sasa kitu gani kinajaza nafasi na kinapitisha umeme? Jibu lilikuwa kwenye meza ya chakula. Karatasi ya chokoleti, ile inayong'aa! Binti yetu alikuwa hajamaliza chokoleti yake, nikamsaidia. Nikaikunja vizuri, nikaishindilia chini ya betri, nikafunga. Safari hii skrubu zilizobaki ni mbili.

Nikabonyeza.

PII-PII!

Niliruka. Nilimkumbatia mke wangu, nikamkumbatia binti, nikamkumbatia mtu wa gesi aliyekuwa analeta mtungi. Nimebonyeza nikiwa sebuleni. Nimebonyeza nikiwa bafuni. Pii-pii kutoka bafuni! Jirani kapiga kelele kwamba tumesikia, inatosha. Wivu.

Mke wangu kaitikisa rimoti sikioni, kasema kuna kitu kinatembea ndani. Kanishauri niende kwa fundi, saa hizi bado hajafunga. Nimemjibu kwamba kitu kinachofanya kazi hakiguswi.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa sebuleni. Chumbani pamefungwa kwa ndani.

Asubuhi ilikuwa tamu, jamani. Shemeji kapendeza, kakaa nyuma na maua yake, ananiambia ahsante shemeji, mimi natabasamu kwenye kioo. Tumefika ukumbini kwa wakati. Mwanyumba kasimama mlangoni na kiti mkononi! Nikashuka, nikamfungulia bibi harusi, nikaondoka bila kugeuka, nikabonyeza kwa nyuma kama sitaki vile. Pii-pii. Ningekufa pale pale ningekufa nimeridhika.

Rimoti nikaiweka mfuko wa koti, ule wa moyoni. Huko ndiko karatasi ya chokoleti ilikoanza matembezi yake.

Ukumbi kimya. Mfungishaji ndoa kamuuliza bwana harusi kama anamkubali huyu awe mke wake. Bwana harusi akavuta pumzi.

King'ora!

Si pii-pii tena. King'ora kamili, gari langu linapiga mayowe nje kama limeibiwa. Nikabonyeza. Likazidi. Nikabonyeza vyote kwa pamoja. Milango nje ikaanza kujifunga na kujifungua, klak, klak, klak. Bwana harusi akasema ndiyo, hakuna aliyesikia. Akarudia. Mfungishaji akaweka mkono sikioni. Ikabidi aipige kelele ile ndiyo mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na shangazi mmoja akanong'ona kwamba huyu kijana mbona anaoa kwa hasira. Shemeji alikuwa kainama kwenye maua, mabega yanatikisika. Sikujua analia au anacheka. Moyo uliniuma kweli.

Mke wangu akaninyang'anya rimoti. Akatoka nje, na watu wote wakamfuata kwa macho. Akaibandua mgongo, betri ikaanguka, na kikaratasi kikapeperuka kikang'aa juani mbele ya kamera ya harusi. Halafu akachomeka ufunguo mlangoni, akauzungusha kama anafungua stoo ya vitunguu, akawasha gari. Kimya.

Mwanyumba alikiokota kile kikaratasi, akakinusa. Akatangaza kuwa ni chokoleti ya maziwa.

Bibi harusi aliondoka kwa gari la mwanyumba. Mimi niliondoa viti.

Jumapili, 9 Juni

Maajabu! Nimeokoka! Nilienda kwa baba mkwe kuomba radhi. Kabla sijafungua mdomo akanipokea kwa mikono miwili, akanishukuru huku akipiga kelele. Kasema nimeendesha kwa utulivu, na hajawahi kuona harusi tulivu kama ile.

Kumbe kifaa chake cha kusikia kilikufa betri Jumamosi alfajiri! Hakusikia hata ndiyo! Shemeji naye kaniambia pembeni kwamba alikuwa anacheka, ila nisimkaribie na gari tena.

Mama mkwe anataka kesho kifaa kipelekwe kliniki, wauguzi wakiwekee betri mpya. Kliniki! Foleni ile, kwa kazi ndogo namna hii? Nimekichukua. Baba mkwe hakusikia nilichomwambia, lakini aliitikia kwa kichwa.

Sasa kiko mezani kwangu, vipande vinne. Betri mpya imekuja na kibandiko mgongoni, na kwenye pakiti wameandika kibanduliwe kabla ya kutumia. Nimekiacha. Kinazuia vumbi. Inachezacheza kidogo, ila binti yetu ana chokoleti nyingine kwenye friji, na amelala.