Kabati la Apolonia na Tundu Moja la Ziada

Jumatatu, 7 Julai 2025
Sikukuu. Ghala la pamba limefungwa, na mimi karani wa mizani nimeamkia maneno ya mke wangu. Apolonia kasema vyombo vyake vimekaa kwenye boksi chini ya meza miaka minne, panya wanavijua kimoja kimoja. Mama yake anakuja kesho kutoka Malampaka. Siku mama akiondoka kama hakuna kabati ukutani, wanaondoka wote wawili. Halafu akashauri nimwite jirani, fundi Novatus. Novatus! Mtu anayepima ubao mara tatu kwa sababu hajiamini. Mimi nimepima mara moja, kwa macho.

Jumanne, 8 Julai
Mama mkwe amefika. Kwetu Wasukuma mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani ovyo, kwa hiyo napita mlango wa nyuma kwenye nyumba yangu mwenyewe. Sawa tu. Chumba chake kimepakana na sebule.

Kabati limesimama! Milango miwili, mmoja unafunga. Nikalipaka vanishi uani. Nani kaanika pamba yote ya hapa Sapiwi hapohapo? Apolonia. Upepo ukavuma, na kufikia jioni kabati limeota manyoya. Novatus akachungulia juu ya ua, akauliza kondoo nimemnunua lini. Nikamjibu huo ndio mtindo wa Mwanza siku hizi.

Jumatano, 9 Julai
Skrubu hazishiki kwenye ukuta wa sebule. Nikizungusha, zinatoka na udongo. Kumbe juu ni saruji, ndani tofali mbichi. Mjinga gani alijenga nyumba hii? Mimi, lakini nilikuwa na haraka.

Novatus kasema kabati libebwe na miguu ya mbao kutoka sakafuni. Wivu tu. Mimi nimepata akili kubwa: bolti ndefu zipenye ukuta mzima, nati zikazwe upande wa pili.

Alhamisi, 10 Julai
Siku mbaya. Nimeazima drili. Apolonia kaenda sokoni na mama yake. Nilijuaje kama kaenda naye? Nilidhani.

Drili ikapenya kama kisu kwenye ugali. Nikafumba jicho moja, nikachungulia kuona kama tundu limenyooka. Upande wa pili kulikuwa na jicho.

Halikupepesa. Nami, kwa adabu zangu zote, nikaliamkia: mwangaluka mayu! Salamu ya Kisukuma ya kumwamkia mama asubuhi, saa nane mchana. Yowe lililofuata lilisikika mpaka Nkololo.

Jioni shemeji Bujiku, kaka yake Apolonia, kapiga simu. Faini ni mbuzi. Nikajitetea kwamba niliona jicho tu. Akauliza nilikuwa natafuta nini kingine.

Ijumaa, 11 Julai
Kabati liko ukutani! Nikamwita Apolonia aje alione. Alikuwa anafunga boksi la vyombo kwa kamba. Kasema mama hawezi kulala kwenye nyumba inayochungulia watu. Nikamwomba angalau aone ule mlango unavyofunga. Hakugeuza hata shingo.

Nikawafuata stendi, nikisimama mbali kwa heshima. Basi likaondoka nao. Sitaficha, nililia, tena mbele ya wauza karanga. Nyumbani hakuna hata kikombe cha kunywea maji.

Jumamosi, 12 Julai
Nimetafakari usiku kucha, na ukweli ni huu: kosa ni la ukuta. Nyumba ya mama mkwe ni ya tofali za kuchoma. Zile zinashika skrubu!

Kwa hiyo nimeling'oa kabati. Nampelekea mama mkwe kumwomba radhi, na Apolonia akiona hivyo atarudi mwenyewe. Kesho wote wawili watakuwa kanisani. Nitaingia taratibu chumbani kwa mama mkwe na kulifunga pale juu ya kitanda chake, iwe zawadi ya ghafla. Wakiwahi kurudi kabla sijamaliza, basi mama atanikuta nimesimama kitandani kwake nakaza skrubu ya mwisho. Atafurahi huyo!