Ngoma ya Fusae na Jicho la Meya

Wakazi wa Kuwanose walitangaziwa rasmi kwamba furaha imesitishwa hadi itakapotangazwa vinginevyo.

Sababu ilikuwa nzito. Mfalme alikuwa mahututi, na enzi yake, iliyoitwa Showa, ikiwa katika mwaka wa sitini na tatu, ilikuwa inakata roho taratibu. Japani nzima ilijizuia kusherehekea. Kwetu, Meya Itagaki hakuwaamini watu kuhuzunika wenyewe; akaunda Kamati ya Uratibu wa Huzuni. Mimi Tokuji, fundi bomba, nikateuliwa mjumbe.

"Wewe umefiwa na mke," alisema. "Una uzoefu."

Fusae alipokufa akisubiri kitanda katika hospitali ya mji, hakuna aliyeunda kamati.

Tulichapa kazi. Wali mwekundu wa harusi ukaamriwa upikwe mweupe. Mama Yone, muuza tofu, tukamwonya asipulize kichangamfu tarumbeta yake ya kuitia wateja.

"Sasa nipulizeje? Nilie?"

"Ikiwezekana, mama."

Kisha sikukuu ya vuli ikafutwa. Kila vuli Fusae ndiye aliyepiga ngoma kubwa ya hekalu, na kabla hajafa aliniusia niipige mimi, amsikie mumewe.

"Mheshimiwa, hata pigo moja," nilimwomba meya.

"Ngoma ni furaha, mzee. Marehemu hana haraka."

Novemba, Itagaki akashinda uchaguzi. Mezani pake ofisini alikaa daruma, mwanasesere mwekundu aliyechorwa jicho moja siku ya kuomba kura. La pili huchorwa ukishinda. Meya kashika brashi, wafuasi wamejaza vifua hewa wapige ukelele wa ushindi, "Banzai!" Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, hiyo ni furaha."

"Acha ujinga, Tokuji!"

"Ujinga ninao. Ndiyo maana naifuata amri yako."

Waandishi wa habari wakageuza kamera. Meya akajifuta jasho, akatangaza: furaha ruksa, mji mzima, dakika kumi. Akaanza hotuba ya shukrani.

Nikatimua mbio hadi hekaluni, ng'ambo ya barabara. Ngoma ya Fusae ililia hadi vioo vya ofisi vikatetemeka. Mama Yone akaja na tarumbeta yake. Wafuasi wakachomoka mmoja mmoja, wakacheza barabarani. Meya aliendelea kuvishukuru viti.

Alipochovya brashi achore jicho, nilikuwa nimesharudi, natweta.

"Muda umekwisha, mheshimiwa."

Enzi ilikwisha Januari. Daruma bado yuko ofisini, ana chongo. Wageni huambiwa ni maombolezo.