Ruta ya Juu Ilikuwa Yangu

Jumatatu, 4 Agosti

Meli ya uvuvi ya mume wangu Kasdi imetia nanga Kaohsiung, Taiwan. Atapiga simu ya video kila siku saa kumi jioni hadi Jumapili, kisha ni baharini miezi kumi. Miezi kumi! Aliniacha na mimba. Mwanetu Nawang amjua babake kwa picha iliyo juu ya pipa la mchele.

Leo kapiga. Uso ukaganda, mdomo wazi kama samaki. Nawang akalia. Simu ikakatika.

Sababu naijua. Wapangaji ishirini, ruta mbili za intaneti, moja ghorofani na moja chini, nami ndiye niliyekabidhiwa nywila na mwenye nyumba kwa kuwa nimemaliza sekondari. Nimechungulia: ruta ya juu simu ishirini na sita, ya chini mbili. Wameing'ang'ania ya juu kama kupe. Kupe mkuu ni Bu Rokayah, mama wa chumba cha tatu. Anauza ushungi laivu mtandaoni, saa kumi ileile.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemwomba Bu Rokayah ahamie ruta ya chini. Kwa adabu! Kanijibu, "Mbak Wening, dada yangu, hiyo ya chini ni ya kuku. Hamia wewe." Kumbe alikuwa laivu. Watu mia mbili wameniona nikibembeleza, gauni lina maziwa begani. Mmoja kauliza gauni lauzwaje.

Jumatano, 6 Agosti

Hila! Ruta ya juu nimeipa jina POCONG WA CHOONI. Nani atajiunga na maiti arukaye na sanda?

Wote. Wamecheka hadi kukohoa. Hata wa nyumba ya jirani wamekuja kumwona pocong. Simu thelathini na moja. Kwa Kasdi nimesikia neno moja: "Wen".

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeweka kikomo: ruta ya juu ipokee vifaa vitano, basi. Nikaenda kumwogesha mtoto. Kurudi, imejaa! Simu mbili za Bu Rokayah, runinga yake, na simu mbili za mpangaji mwenzetu, Bwana Pak Tohir, ambaye amelala. Mwenye funguo nimefungiwa nje.

Ijumaa, 8 Agosti

Orodha ya wanaoruhusiwa juu: simu yangu. Mwisho wa orodha.

Dakika sita safi kama maji! Nawang kamgusa babake puani, kwenye kioo. Kasdi kafuta macho kwa mkono wenye harufu ya samaki. Harufu nimeisikia, naapa.

Chini wamerundikana wote, hakuna anayepata kitu. Bu Rokayah kapiga mlango kwa ngumi. "Toka, mchawi wa waya! Wateja wangu wananiona kama sanamu!" Sikufungua. Kesho nitamwomba radhi. Labda.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijamwomba. Kasdi yuko zamu ya kupakia barafu, hakupiga. Kaandika: kesho, mara ya mwisho.

Jumapili, 10 Agosti

Usiku simu yangu imejisasisha, ikabadili namba ya utambulisho ambayo ruta huijua kwayo. Saa kumi ruta ya juu ikanikataa: kifaa hakijulikani. Mimi! Kuibadili orodha lazima kwanza niingie. Chini kumejaa. Bando sina.

Katikati ya jasho, hodi. Bu Rokayah. "Mbak, fungua basi, haraka!" Nimejua: anakuja na ngumi zake. Nimekaa kimya, kidole mdomoni. Nawang akasimama peke yake, mara ya kwanza, akauelekea mlango. Hatua tatu! Nikamnyakua asitusaliti.

Jumatatu, 11 Agosti

Bu Rokayah ameniambia karibu na kisima. Kasdi aliponikosa alimpigia yeye, kwa namba ya biashara aliyoiona kwenye ukurasa wake wa ushungi. Bu Rokayah alisimama mlangoni kwangu na bando lake mwenyewe, uso wa Kasdi mkononi. Walimsikia mtoto akiguna ndani. Kasdi akasema asigonge tena, huenda Wening amechoka, amelala. Saa kumi na moja meli ikaondoka.

Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Nimelia, nimenyonyesha, nimefikiri. Kosa nimeliona: kumwachia Bu Rokayah ruta ya chini kulimwacha na nguvu za kutembea hadi mlangoni kwangu. Nimeiweka upya ruta ya juu kwa kitufe chake, nimemfuta kote, juu na chini, na mlango nimeuongezea komeo la pili. Hadi Juni, Kasdi atakapotia nanga tena, nitakuwa nimeuweza mtandao huu.