Mwenye Kiwambo, Asiye na Bunduki

Jumatatu, 4 Machi 1974

Leo nimeitoa hati sandukuni nikaisoma mara nne. Mara ya nne nikavua kofia. Kuna karatasi hapa duniani!

Niandike vizuri, wajukuu wasije wakadhani babu yao alikuwa mtu hivihivi. Mimi, Shomari, mpishi mstaafu, ndiye mtu pekee katika kijiji chetu cha ujamaa, na pengine kutoka hapa hadi Sikonge, mwenye kiwambo cha bunduki. Ni bomba la chuma jeusi, urefu shibiri moja. Likifungwa mdomoni mwa bunduki, bunduki haifoki tena, inakohoa tu. Mzungu niliyempikia alikisahau kwenye kabati la jikoni alipoondoka, mwaka mmoja baada ya uhuru. Bunduki yenyewe aliirudisha serikalini. Nikakipeleka polisi Tabora mwenyewe, kwa miguu yangu. Wakacheka mpaka wakafuta machozi, kisha wakaniandikia hati: ni mali halali ya Shomari bin Omari, na popote atakapokwenda nacho awe na hati hii. Chini, muhuri mwekundu, mkubwa kama kitumbua.

Bunduki sina. Hilo ni jambo jingine.

Jioni mkutano. Nguruwe pori wamekwisha kula robo ya mahindi ya shamba la ushirika. Mwenyekiti Masolwa akatangaza kwamba anatakiwa mlinzi mwenye silaha. Atapewa koti la mvua na filimbi, na hatalima. Hatalima! Jirani yangu Twalibu akasimama haraka, akasema yeye ana gobore la marehemu baba yake. Nikamuuliza mbele ya watu wote kama gobore lina hati. Akakaa.

Mwenyekiti akamaliza ubishi. Jumamosi kila mwenye silaha au kifaa chake akipeleke kituoni Tabora mjini kikaguliwe, na Jumapili mlinzi atachaguliwa. Asiye na hati asidhani atapewa ulinzi. Atanyang'anywa kitu na atajibu mashtaka. Nilirudi nyumbani natabasamu peke yangu.

Jumanne, 5 Machi

Siku kubwa. Nilitembea na kiwambo mkononi na hati kifuani, ili watu wazoee kuniona mlinzi. Karibu na ghala la tumbaku askari wa pikipiki akanisimamisha, akauliza hilo ni bomba la nini. Nikatoa hati. Akaisoma mpaka mwisho, akaikunja kwa mikono miwili, akanirudishia kwa mikono miwili. Askari! Kwa mikono miwili!

Watu waliokuwa dukani waliona. Wakaniuliza ina nini karatasi hiyo. Nikasema inasimamisha askari. Walipozidi kushangaa nikaongeza kwamba ikiwa mfukoni hata mvua hunikwepa. Hapo nilizidisha kidogo. Lakini kweli nilikuwa mkavu.

Jumatano, 6 Machi

Hati imekaa kwenye ungo sebuleni, watu wanaingia kuitazama. Mwanajuma, mke wangu, akaniuliza kama natoa mwali au natoa karatasi. Wivu.

Adhuhuri akafika mama mkwe, Bi Kuluthumu, kwa treni kutoka Kaliua na kisha kwa lori la ushirika. Ana homa. Nilipomwona tu kwa mbali nikaingia kichakani, kama inavyompasa mkwe mwenye adabu. Nimemwoa bintiye miaka ishirini na mmoja na uso wa mama huyu sijapata kuuona wote. Namjua sauti, namjua kikohozi, namjua kivuli. Wanasema aliwahi kumfukuza fisi kwa kumtazama. Naamini.

Tunazungumza kupitia ukuta. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba mwanangu, kisha akauliza kama ni kweli hiyo karatasi ina nguvu kama wanavyosema. Mama mkwe kaniuliza mimi! Nikajibu kwamba hata homa ikiiona itakimbia. Akauliza kama yuko huru kuitumia. Nikasema nyumba hii yote ni yake.

Jumapili nitavaa koti la mvua.

Alhamisi, 7 Machi

Nimerudi shambani. Hati imeanikwa kwenye kamba, kati ya kanga mbili. Nyeupe. Nyeupe kama haijawahi kuandikwa!

Mwanajuma akanieleza kwa upole unaotisha. Mama aliitia kwenye bakuli la maji, akaisuuza kama mwalimu anavyosuuza sahani ya kombe iliyoandikwa aya kwa zafarani, akapiga bismillahi, akanywa yote. Jina langu, namba, amri ya serikali, muhuri. Maji ya mwisho yalikuwa mekundu, akayanywa na hayo.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Nikataka kulia, nikataka kupiga kelele, lakini yule ni mkwe. Kutoka chumba cha pili nikasikia sauti inaomba uji. Homa imetoka! Jasho limemwagika, macho yamefunguka, anauliza kama kuna na kipande cha muhogo.

Nikasahau hasara yangu kwa muda. Nguvu ya karatasi ile! Nami niliiweka sandukuni miaka kumi na mmoja pamoja na soksi. Mwanajuma akasema mama alimeza pia vidonge vinne vya zahanati asubuhi. Sijui kwa nini anapenda kuchanganya mambo.

Ijumaa, 8 Machi

Kijiji kizima kinajua. Twalibu alipita akiniuliza hali ya hati, kama imelala salama. Yeye alikwenda mjini jana na barua ya Mwenyekiti kuomba hati ya gobore lake. Kesho anaipata. Mimi kesho napoteza kiwambo, napoteza koti, na huenda nikalala ndani.

Nikafanya mpango. Nikachonga muhuri kwa muhogo, nikapaka rangi nyekundu niliyoichemsha kutoka mkaja wa Mwanajuma, kitambaa chake cha kujifunga kiunoni, nikagonga kwenye karatasi mpya. Ukatoka unyayo wa kuku. Mwanajuma akautazama, akasema kwa hati iliyonywewa nitafungwa mwezi, kwa hii nitafungwa mpaka mvua za mwaka kesho kutwa. Nikaitia motoni, yote, na muhogo wake.

Baada ya swala ya Ijumaa akili ikafunguka. Hati haijapotea! Imehama tu. Sheria inasema niende na hati, na hati iko ndani ya mama mkwe. Nikausogelea ukuta. Nikaeleza. Halafu akasema kwamba aliyekunywa kitu cha mtu hawezi kukataa kwenda kukisemea. Nikauinamia ukuta ule.

Jumamosi, 9 Machi

Maili kumi na mbili za matope, kwa baiskeli. Haifai mkwe anishike kiuno, hata kwa amri ya serikali. Basi alikaa kwenye keria akitazama nyuma, kanga imemfunika hadi kidevuni, mwavuli uliofunguliwa kati ya mgongo wake na wangu. Sikugeuka hata mara moja. Babu yangu alipita njia hiihii na misafara ya zamani, pembe ya ndovu begani, mpaka Bagamoyo. Watu wanasimulia mpaka leo. Lakini babu alibeba pembe tu.

Kwenye mteremko wa mto baiskeli ikateleza, tukaenda chini. Nikasikia mama mkwe ametua matopeni. Kumwinua siwezi, kumtazama siwezi. Nikasimama nimekielekea kichaka, nikawa nakiomba kichaka radhi, mpaka akapita mwanamke mmoja, Paskazia muuza asali, akamwinua. Twalibu naye akapita na gobore lake. Alitaka kucheka. Kanga ikageuka upande wake. Akameza kicheko, akasema shikamoo mama, akaondoka mbio.

Kituoni, Sajini Raymundi akakitazama kiwambo, akataka hati. Nikanyoosha mkono kwenye benchi. Akasema pale anaona bibi. Nikasema imo ndani. Akaweka kalamu chini. Askari wengine wakaja kusimama mlangoni.

Hapo mama mkwe akainuka. Sijapata kumwona akisimama, wala hapo sikumwona, nilitazama sakafu. Akasema karatasi ilikuwa na upana wa viganja viwili, imekunjwa mara tatu, mistari tisa, muhuri chini kushoto. Akasema hajui kusoma lakini alihesabu kabla ya kunywa, kwa kuwa si mtu wa kunywa kitu ovyo. Akaongeza kwamba upande wa muhuri ulikuwa mchungu kuliko upande wa jina. Sajini alimwita mama, akamwomba akae.

Kisha akafungua daftari kubwa, kubwa kama mlango, akapitisha kidole. Kikasimama. Shomari bin Omari, kiwambo kimoja, na hati nzima imenakiliwa, mistari tisa! Miaka yote hii nalala, naamka, napalilia karanga, na jina langu limo ndani ya kitabu cha serikali, linanisubiri. Machozi yalinitoka, sioni aibu kuandika.

Nikapewa hati mpya. Ina mihuri miwili! Mmoja wa kituo, mmoja wa kuonyesha kwamba ni nakala. Sajini akanionya mara tatu: isitengane na kiwambo, isiazimwe, isiguswe na maji. Akamtazama mama mkwe, akanionya mara ya nne.

Jumapili, 10 Machi

Nilifika mkutanoni wa kwanza, nimefua kanzu. Nikasoma hati kwa sauti, pamoja na mihuri.

Mwenyekiti Masolwa akasikiliza vizuri. Akauliza kiwambo kinafanya nini hasa. Nikasema kinaondoa mlio wa bunduki. Akauliza mlio wa bunduki ipi. Nikasema tuanze na swali la kwanza. Akasema basi na aelezwe ni nguruwe gani amepata kukimbizwa na kimya. Watu wakacheka, hata Mwanajuma. Twalibu akafyatua gobore lake hewani, kuku wakapotea mpaka jioni. Akapewa koti. Akapewa filimbi.

Nimeumia. Naandika kama ilivyo. Twalibu amepita mlangoni mara tano amevaa koti la mvua, na hakuna hata wingu.

Jumanne, 12 Machi

Ajabu haziishi. Twalibu anaumwa! Ana homa kali, anatetemeka ndani ya koti. Nguruwe wamerudi. Mama mkwe, ambaye sasa anatwanga mahindi kuwashinda wasichana, amemwambia kila mtu ni nini kilichomponya.

Asubuhi hii Maua, mke wa Twalibu, amekuja kwa adabu zote. Mumewe anaomba asuuziwe hati kidogo. Akipona, koti na filimbi vitakuwa vyangu kila Jumatatu na Alhamisi. Mwanajuma akataja zahanati. Nikamnyamazisha.

Nimefikiri sana, kwa maana maneno ya Sajini ninayakumbuka yote na mimi si mjinga. Nimemwambia Maua alete bakuli safi, na masharti nimeyaweka makali. Mumewe atakunywa muhuri mmoja tu.